Osmosisi: myeyusho mkali kuliko nini?

Mpishi wa Nkwenda akikata nyanya na vitunguu vya kachumbari, akavinyunyizia chumvi na kuviweka kando huku ndizi zikiendelea kutokota mekoni, baada ya robo saa hukuta maji yamejikusanya chini ya bakuli. Hakuna aliyeongeza maji hayo. Nyanya zimelegea, vitunguu vimepoteza ugumu wake, na kilichotoka kina ladha ya vyote viwili. Katika Kiswahili cha kila siku husemwa kwamba chumvi "imetoa maji" au "imevuta maji". Mwanafunzi wa sekondari katika kata hiyohiyo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012, hulikuta jambo lilelile darasani likiwa na jina la Kigiriki na maelezo ya Kiingereza. Kabla ya hapo amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuzungumza Kinyambo nyumbani. Lugha tatu zinalizunguka bakuli moja, na mara nyingi mwanafunzi hatambui kwamba kinachosemwa darasani ni kilekile alichokwisha kukiona mezani.

Osmosisi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na haibadiliki katika wingi. Wapo waandikao "osmosi". Haina kitenzi chake, kwa hiyo husemwa kwamba maji hupita, hupenya, huingia au hutoka kwa osmosisi. Na pale panapotakiwa kivumishi hutumika kihusishi cha -a, kama katika "shinikizo la osmosisi". Maana yake ni mwendo wa maji kupita katika utando unaoyaruhusu maji lakini unavizuia vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ambapo kwa jumla maji hutoka upande ambao vitu hivyo ni vichache na kwenda upande ambao ni vingi.

Jambo lenyewe lilionekana kabla halijapewa jina. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza chombo pombe kali, akakifunika kwa kibofu cha mnyama, kisha akakizamisha majini. Maji yaliingia chomboni kwa wingi kupita kiasi cha pombe kilichotoka, hata kibofu kikatuna na kukaribia kupasuka. Katika miaka ya 1820 mwenzake Henri Dutrochet aliunda majina mawili, moja la maji yanayoingia na jingine la maji yanayotoka, na mwaka 1854 Mskoti Thomas Graham akayafupisha kuwa moja. Shina la Kigiriki lililotumika lina maana ya kusukuma. Wataalamu wa Ulaya, basi, waliyaona maji yakisukuma, na mpishi wa kachumbari huyaona yakivutwa. Hakuna kati yao anayeeleza sawasawa kinachotendeka. Molekuli za maji hazitulii. Huhangaika kila upande na kuvuka utando huku na huku bila kukoma. Pale penye vitu vingi vilivyoyeyuka, ni molekuli chache zaidi za maji zinazofanikiwa kuvuka katika muda uleule. Tofauti hiyo ndiyo inayoonekana kwetu kama mwendo wa upande mmoja.

Kwa sababu hiyo kitenzi "kunyonya", ambacho hupenda kujipenyeza katika tafsiri, kinapaswa kutumiwa kwa tahadhari. Mtoto hunyonya na mbu hunyonya. Mtendaji yupo na nguvu yake inatumika. Katika osmosisi seli haitumii nishati yake kuyapeleka maji, na chumvi haina mdomo. "Kufyonza" kuna kasoro hiyohiyo, japokuwa kumezoeleka katika maelezo ya mizizi. "Kupenya" kunafaa zaidi, kwa kuwa kunataja njia bila kumzua mtendaji.

Utando huo una majina mawili katika Kiswahili, nayo yote yana asili nzuri. "Utando" umetokana na kutanda: ndilo jina la kazi ya buibui, na la ngozi nyembamba inayofunika maziwa yaliyochemshwa yakapoa. "Kiwambo" kimetokana na kuwamba, kitenzi cha kuivuta na kuikaza ngozi juu ya ngoma. Utando huonyesha wembamba na kuenea, ilhali kiwambo huonyesha kizuizi kilichokazwa kati ya pande mbili. Lipi litumike ni hiari ya mwandishi, mradi asibadilishe katikati ya makala. Kisichokuwa cha hiari ni kutenganisha utando wa seli na ukuta wa seli. Utando upo katika kila seli, ya mgomba na ya binadamu. Ukuta upo katika mmea na haupo katika mnyama; ni mgumu, na tofauti na utando, hupitisha maji pamoja na chumvi iliyoyeyuka. Mfasiri anayeita vyote viwili "ukuta" ameshaifuta sababu inayofanya seli nyekundu ya damu ipasuke katika maji matupu na seli ya nyanya isipasuke.

Kuhusu jinsi maji yanavyopita katika utando wenye mafuta, jibu lilichelewa sana. Utando una vitundu vya protini viitwavyo akwaporini, vinavyopitisha maji peke yake. Mmarekani Peter Agre, aliyevitambua mwanzoni mwa miaka ya 1990, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Ugumu mkubwa zaidi wa istilahi, hata hivyo, hauko katika utando. Uko katika majina ya miyeyusho. Neno "myeyusho" lenyewe lina mpinzani wake, "mmumunyo". Wanaopendelea la pili husema kwamba kuyeyuka kunahusu pia barafu na mafuta yanayopata joto, ilhali chumvi ndani ya maji haiyeyuki kwa joto, bali humumunyika kama peremende kinywani. Hoja hiyo ina uzito, lakini watu wengi husema chumvi imeyeyuka na hakuna anayepotoka kwa hilo. Makala hii inafuata mazoea.

Kiwango cha vitu vilivyoyeyuka katika maji huitwa ukolezo. Hapa ndipo jikoni na maabara hutofautiana bila kuonyana. Mchuzi uliokolea chumvi ni mchuzi uliofikia kiwango kinachopendeza. Ukizidi hapo husemwa umezidi chumvi, wala hausifiwi kwa kukolea. Kukolea, basi, kwa mpishi ni sifa njema na pia ni kikomo. Kwa mwanakemia ukolezo hauna uzuri wala ubaya, na hauna kikomo isipokuwa pale maji yanaposhindwa kuyeyusha zaidi. Mwanafunzi anayesoma "myeyusho uliokolea" anaweza kabisa kuelewa "myeyusho uliopimwa vizuri". Kinyume chake Kiswahili kina kitenzi safi, "kuzimua", yaani kupunguza ukali kwa kuongeza maji. Huzimuliwa pombe kali, na maji ya moto ya kuogea huzimuliwa kwa ya baridi. Myeyusho uliozimuliwa hauhitaji maelezo zaidi.

Kisha yapo yale majina matatu ambayo vitabu vya Kiingereza huyajenga kwa viambishi vya Kigiriki vyenye maana ya juu, chini na sawa. Ukiyatohoa moja kwa moja utapata haipatoniki, haipotoniki na isotoniki. Mawili ya kwanza yanatofautiana kwa irabu moja tu, nayo ni irabu isiyokuwa na mkazo; mwalimu akisoma kwa sauti mbele ya darasa lenye wanafunzi wengi, walio nyuma wataandika lolote kati ya hayo. Isitoshe, sikio la Mswahili husikia "haipo" mwanzoni mwa neno na kungoja kitu kilichokosekana. Ndiyo maana waandishi wengi hukimbilia maneno ya kawaida: myeyusho mkali, myeyusho hafifu, myeyusho sawa. Uamuzi huo ni mzuri, lakini kuna neno moja ambalo husahaulika, nalo ni "kuliko".

Majina hayo hayaelezi myeyusho ulivyo peke yake. Yanaeleza uhusiano wa myeyusho na seli fulani iliyowekwa ndani yake. Maji yenye gramu 20 za chumvi katika lita moja ni makali kuliko damu ya binadamu, na ni hafifu kuliko maji ya bahari, ambayo kwa wastani yana gramu 35. Ukiandika "seli ikitiwa katika myeyusho mkali husinyaa" umeandika nusu ya sentensi. Nusu yake nyingine ni "mkali kuliko umajimaji ulio ndani ya seli". Katika Kiingereza ulinganisho umefichwa ndani ya kiambishi; katika Kiswahili lazima utamkwe, la sivyo msomaji ataudhani kuwa ni sifa ya kudumu kama wekundu wa pilipili.

Kuna tahadhari ya pili, ya wafasiri zaidi kuliko wanafunzi wa mwanzo. Si kila kitu kilichoyeyuka huhesabiwa. Urea, ambayo wakulima wanaijua kama mbolea ya chengachenga nyeupe, hupenya utando wa seli nyekundu za damu kwa urahisi. Seli hizo zikitiwa katika maji yenye urea peke yake, hata kama idadi ya chembe zilizoyeyuka nje ni sawa na ya ndani, urea huingia, maji huifuata, na seli hupasuka. Kwa hiyo "myeyusho wenye ukolezo sawa" na "myeyusho usioibadili seli" ni mambo mawili. Neno isotoniki lina maana ya pili.

Matokeo ndani ya seli ndiyo sehemu ambayo Kiswahili hakihitaji msaada. Seli ya mmea ikiwa katika maji hafifu kuliko ute wake, maji huingia, utando husukumwa dhidi ya ukuta, na seli hutuna. Kutuna ni neno sahihi hapa: ni kujaa na kukaza kama msuli au mpira uliopulizwa. "Kuvimba" kuna harufu ya ugonjwa na jeraha, na kutuna kwa seli ya mmea si ugonjwa. Kutuna ndiko kunakousimamisha mche wa maharage na jani changa la mgomba ambalo halina mti ndani yake. Shinikizo ndani ya seli hizo linaweza kuzidi lile la gurudumu la gari mara mbili au zaidi, na ni ukuta unaolizuia. Maji yakipungua, seli hulegea na jani hunyauka. Myeyusho wa nje ukiwa mkali kuliko ute, maji huendelea kutoka hata utando ukabanduka kutoka ukutani na kusinyaa katikati, huku ukuta ukibaki ulivyo. Hali hii huitwa plasimolisisi, na kitenzi "kusinyaa" kitumike kwa kilichomo ndani ya ukuta. Seli nzima haisinyai kwa namna hiyo. Kipande cha kiazi mviringo kilicholazwa usiku katika maji ya chumvi hulegea na kupindika kikishikwa. Pacha wake aliyelala katika maji matupu huvunjika kwa mlio. Jaribio hilo halihitaji maabara, na shule yoyote ya Kyerwa inaweza kulifanya kwa viazi viwili na kijiko cha chumvi.

Mkulima anayerundika mbolea ya chumvichumvi karibu mno na shina la mche wa kahawa wakati udongo ni mkavu hufanya jaribio lilelile bila kutaka. Maji ya udongo huwa makali kuliko ute wa mizizi, nao mche hunyauka kisha huungua pembeni mwa majani. Husemwa kwamba mbolea "imeuchoma", na tamathali hiyo si mbaya, ingawa hakuna moto. Dawa yake ni maji mengi ya kuuzimua udongo.

Si kila kunyauka ni osmosisi, hata hivyo, na mkoa wa Kagera unalijua hilo kwa uchungu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 migomba ya mkoa huo imeshambuliwa na mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao wenyeji huuita unyanjano. Huko maji ya udongo hayana ukali wowote. Ni bakteria walioziba mishipa ya mgomba. Jani hunyauka kwa sababu maji hayalifikii, na kumwagilia hakusaidii. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mgomba umenyauka, jibu "kwa osmosisi" linaweza kuwa kosa hata pale dalili zinapofanana.

Upande wa wanyama kuna masimulizi mafupi zaidi kwa kuwa hakuna ukuta. Seli nyekundu ya damu katika maji matupu hujaa, hugeuka duara, kisha hupasuka na kumwaga rangi yake. Kupasuka huko huitwa himolisisi. Katika maji makali kuliko damu husinyaa na kufanya miiba pembeni. Katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani asilimia 0.9, hubaki na umbo lake, si kwa kuwa maji yamesimama, bali kwa kuwa yanayoingia na yanayotoka ni kiasi kimoja. Ndiyo sababu dripu ya kawaida hospitalini ina asilimia hiyo, na ndiyo sababu maji matupu, hata yakiwa safi kiasi gani, hayatiwi peke yake kwenye mshipa.

Bakteria wana ukuta, lakini ukuta hauwasaidii mbele ya chumvi nyingi: maji huwatoka na ukuaji wao husimama. Juu ya kanuni hiyo imejengwa biashara nzima ya Kanda ya Ziwa, ile ya kayabo, sangara wa Ziwa Victoria aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, ambaye soko lake hufika hadi Kongo. Asali nayo haiozi kwa sababu hiyohiyo, ingawa kinachovuta hapo ni sukari. Kitenzi "kuvuta" kimerudi tena. Ni vigumu kukiepuka.

Pale ambapo maneno haya yote huacha kuwa suala la mtihani ni kitandani pa mtoto anayeharisha. Mtoto huyo hupoteza maji pamoja na chumvi, na kumpa maji matupu hakutoshi. Paketi ya ORS, ambayo wengi huiita chumvichumvi, hutegemea osmosisi na jambo moja zaidi: katika utumbo, sukari ya glukosi na sodiamu ya chumvi huingizwa ndani ya seli kwa pamoja, kisha maji huvifuata. Fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina gramu 20.5 za unga wa kuyeyushwa katika lita moja ya maji: gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, na zilizobaki ni chumvi za potasiamu na sitreti. Kwa kipimo cha osmosisi ambacho damu ina takribani 290, myeyusho huo una 245. Ni hafifu kidogo kuliko damu, kwa makusudi. Fomula iliyotangulia ilikuwa na 311, na ile mpya ilionekana kupunguza kuharisha na kutapika.

Sasa na ichukuliwe paketi hiyohiyo iyeyushwe katika nusu lita. Kipimo huwa 490. Iyeyushwe katika kikombe cha mililita 250, kipimo huwa 980, karibu sawa na maji ya bahari. Bahari ya Hindi iko mbali sana na Nkwenda, lakini ukali wake unaweza kutengenezwa katika kikombe kimoja na mzazi mwenye nia njema aliyeambiwa "ikolee vizuri". Maji yatatoka katika mwili wa mtoto kuelekea utumboni, na kuharisha kutazidi. Chumvi itakayoingia katika damu itayatoa maji katika seli za ubongo, na mtoto anaweza kupata degedege.

Maelekezo ya Kiswahili ya myeyusho huu, basi, hayafai kutumia kukolea wala kukoleza kwa namna yoyote. Yaseme lita moja, na yaeleze lita hiyo kwa chombo kilichopo nyumbani, kwa mfano chupa mbili za bia za mililita 500 zilizooshwa vizuri. Yaseme unga wote wa paketi, maana wapo wanaobakiza. Pale ambapo hakuna paketi na myeyusho unatengenezwa kwa vijiko, mapendekezo yanayojulikana ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, na hapo neno "kijiko" peke yake halitoshi hata kidogo. Katika Kiswahili kijiko ni cha chai na ni cha kulia wali. Kinaweza kusawazishwa na kinaweza kujazwa kilima. Tafsiri iandike "kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu", hata kama matini ya Kiingereza ina maneno mawili tu, na iandike "nusu" kwa herufi, kwa sababu alama ya ½ iliyochapwa vibaya kwenye karatasi ya rangi ya kijivu husomeka kwa urahisi kama 1, au kama 2.